Baba Mkubwa Makori na Mashine ya Kunusa Chuma

Mjini kwetu, kando ya soko, pana kipande cha nyasi ambacho siku hizi kinaitwa bustani kwa sababu kimewekewa lango, viti vya saruji na kibao kinachokataza watu kufanya mambo ambayo wote wanayafanya. Hukaa hapo nikitoka kliniki ya presha, nikimsubiri mjukuu wangu aje kunichukua kwa pikipiki. Juma lililopita niliwakuta hapo vijana na mashine ya kutafuta vyuma ardhini. Mmoja alivaa visikizio na kupitisha sahani ya mashine juu ya nyasi kama mtu anayepiga deki. Mwenzake alishika simu mbele ya uso wake mwenyewe na kuzungumza na watu wasiokuwapo, kwa sauti ya mtangazaji wa mpira. Mashine ilipolia, wote walipiga magoti. Nimekaa kanisani miaka mingi na sijaona watu wakipiga magoti kwa bidii ile.

Walichimbua kizibo cha soda. Wakachimbua msumari. Kisha wakachimbua sarafu yenye tundu katikati, wakaniletea.

"Shosho, hii ni ya Wajerumani, ama?"

"Hiyo ni senti kumi," nikamwambia. "Ilikuwa ya kununulia peremende."

Kijana alinitazama kwa huruma, akaigeukia simu yake na kuwaambia watu wake kwamba wamepata fedha ya kale ya Wajerumani. Maandiko yanatuambia tuwe wavumilivu kwa watu wote, na nimeyasoma mara nyingi nikitafuta kama pana mahali wametajwa watu wa namna hii kuwa hawahesabiwi. Sijapaona.

Lakini walipoondoka waliacha udongo wao karibu na viatu vyangu, na harufu yake ikanipanda puani. Ni harufu ya udongo mwekundu uliolala na chuma muda mrefu. Huichoma pua, na ulimini huacha ladha kama umelamba wembe. Nilikuwa sijainusa tangu utotoni, na ilinirudisha upande wa Gesima, kwenye uwanja mwingine, kwa mashine nyingine na mjinga mwingine.

Nililelewa na bibi yangu mzaa baba, ambaye kwa Kigusii tunamwita Magokoro. Baba na mama walikuwa Kericho kwenye mashamba makubwa ya chai, nami niliachwa kwake nimtekee maji na kumsaidia kuchuma chai yake. Kila Ijumaa, kabla jua halijazama, kazi yangu ilikuwa kumwosha miguu kwa maji ya uvuguvugu, kwa sababu Sabato ilipaswa kutukuta safi. Nilizijua nyayo zake kuliko nilivyozijua herufi. Juu ya visigino, kuzunguka vifundo vya miguu, palikuwa na mikanda ya ngozi nyeusi, laini, inayong'aa, mmoja juu ya mwingine, kama njia ya ng'ombe mahali ambapo nyasi zimekataa kuota tena.

"Hizi ni nini, Magokoro?"

"Ni mambo ya kale. Sugua."

Sasa, katika shule ya Sabato mwalimu wetu alikuwa na picha kubwa ya kitambaa aliyoitundika ukutani. Ilionyesha mitume wawili gerezani, wakiimba, miguu yao imebanwa kwa vyuma. Nilitazama miguu ya mitume. Kisha nikageuka nikamtazama Magokoro, ameketi upande wa akina mama na kitambaa chake cheupe kichwani, na nikaelewa yote. Bibi yangu alikuwa amefungwa jela.

Nilimpenda, kwa hiyo niliitunza siri hiyo. Kilichonisumbua ni kutojua aliiba nini. Kwa muda nilishuku ng'ombe. Baadaye nilimwangalia umbo lake dogo na upole wake, nikaamua kwamba haiwezi kuwa zaidi ya kuku.

Ninyi wa rika langu mmeshajua mikanda ile ilikuwa alama ya nini. Sisi watoto hatukujua, maana katika kilima chetu hapakuwa na mwanamke aliyevaa tena *ebitinge*, zile pete nzito za chuma za miguuni. Bibi harusi alivishwa siku ya *enyangi*, sherehe kubwa ya ndoa, na akishazivaa alikuwa mke wa boma lile mpaka kifo, na hapakuwa na mtu wa kumwambia hama. Injili ilipofika, wanawake waliotaka ubatizo waliambiwa wazivue. Mhunzi alizikata kwa patasi. Wengi waliziacha kwake afulie majembe. Bibi yangu alizitia zake katika chungu kidogo, akakizika mahali ambako hakuwahi kuniambia.

Na hapo ndipo Baba mkubwa Makori alipopata nafasi yake.

Makori alikuwa mwana wa mke wa kwanza wa babu yangu, na Magokoro alikuwa mke wa pili. Alikuwa mtu mkubwa wa mwili, mwenye koti alilolivaa hata jua likiwaka, na aliyezungumza polepole ili watu wadhani anafikiri. Shamba lake mwenyewe lilikuwa limejaa magugu, na chai ya Magokoro, ambayo bibi na baba yangu waliipanda kwa mikono yao, ilikuwa imesimama kijani chini ya kilima, inamkera macho. Babu alipokufa, Makori alikumbuka ghafla kwamba Magokoro hakuwahi kuolewa.

"Alikuja na kikapu, akakaa," aliwaambia watu sokoni. "Baba yangu alikuwa na huruma. Nani alikula nyama ya *enyangi* yake? Ziko wapi *ebitinge* zake?"

Mtu akamtajia zile alama miguuni.

"Hata punda ana alama za kamba," akasema Makori.

Waliokula nyama ya sherehe ile walikuwa wamekufa, au walikuwa wamekula nyama ya Makori hivi karibuni. Wazee wa ukoo waliweka siku ya baraza, wimbi likishavunwa. Kama wangemkubali Makori, Magokoro angetoka katika nyumba aliyozalia watoto wake na kurudi kwa kaka zake, ambao wote walikuwa makaburini. Baba yangu naye angebaki bila mahali pa kujenga. Hata mimi mtoto niliyajua haya, kwa sababu Magokoro alikuwa ameacha kupogoa chai. Alisema hataki kumpogolea mtu.

Siku moja rafiki yake wa kanisani, Bosibori, alikuja wakaketi nyuma ya nyumba wakichambua mboga. Mimi nilikuwa ndani nikipepeta mahindi na masikio yangu yalikuwa nje.

"Si unajua ulipozizika?" Bosibori akasema. "Nenda uzichimbue uwaonyeshe, waondoke."

"Nilizizika siku niliyobatizwa. Nilimwambia Mungu nimeacha. Sasa nirudi na jembe nimwambie nilikuwa natania?"

"Mungu anaelewa, dada."

"Anaelewa. Asiyeelewa ni Makori, na sikuapa mbele ya Makori."

"Basi utalala nje na kiapo chako."

"Nitalala," akasema Magokoro. "Hii mboga yako ina wadudu, Bosibori. Ulinunua kwa nani?"

Nilisikia kwamba amezika kitu na hataki kionekane. Kwangu haikuwa na maelezo mengine: ni ushahidi wa wizi. Nikajiuliza mifupa ya kuku hukaa ardhini muda gani.

Ndipo akaja mtu wa mashine. Alitoka mjini, amevaa kofia ya kijeshi na buti zilizomzidi, na mashine yake ilikuwa fimbo ndefu yenye sahani chini na kisanduku cha betri juu. Alisema jeshini iliwatafutia mabomu yaliyofukiwa, na kwamba ina pua kuliko mbwa. Katika kilima chetu palikuwa na hadithi kwamba Wajerumani, walipokuja kupigana na Waingereza huku Kisii, walifukia masanduku ya rupia wakikimbia. Hakuna aliyejua mtu aliyemjua mtu aliyeyaona masanduku hayo, na hilo ndilo lililoifanya hadithi idumu. Makori alimkaribisha mtu yule nyumbani kwake, akamchinjia mbuzi, na wakapatana kuchimba katika uwanja wa wazi ambako watu walifanyia mikutano na ng'ombe walichungwa. Watakachopata watagawana nusu kwa nusu. Lakini Makori, aliyejiona mjanja, aliweka sharti lake mbele ya watu: kitu chochote kikithibitika kuwa cha ukoo wake hakitagawanywa, ni chake chote.

Kilima kizima kilihamia uwanjani. Chai iliachwa ikazeeka vichakani. Watu wazima ambao hukuweza kuwapata kwa kazi ya kanisa, hata kubeba benchi moja, walisimama kwenye umande tangu alfajiri wakingoja mali ya Mjerumani. Mzee Ombongi, mkubwa wa ukoo wetu, alikuja na kigoda chake kila asubuhi. Alisema mgongo wake unauma na kucheka ni dawa.

Mashine ililia mara nyingi, na kila ilipolia mtu wa kofia alikuwa na jina la kile kilichotoka. Palitoka kifuniko cha sufuria, akasema ni ngao ya mkononi ya Mjerumani.

"Mjerumani huyo alikuwa akipika ugali," akasema Mzee Ombongi.

Pakatoka jembe lililolika. Huo ni upanga. Pakatoka ganda la risasi, la kweli, na watu wakalipokezana kana kwamba ni mtoto mchanga. Pakatoka kwato ya chuma, akasema ni ya farasi wa jenerali.

"Makori," Mzee akaita, "muulize huyo rafiki yako kama farasi naye alifukia rupia zake."

Makori hakucheka. Alikuwa ameshika jembe, koti mwilini, jasho likimtiririka, na uwanja umejaa mashimo kama uso wa mtu aliyeugua ndui.

Kisha wakapanda pembe ya juu ya uwanja, mahali ambapo zamani, kabla kanisa halijajengwa kwa mawe kule barabarani, palisimama kanisa la kwanza la nyasi. Mashine ikalia kilio kirefu. Makori akachimba. Jembe likagonga kigae, na ile harufu ikatoka, harufu ya chuma na udongo, mpaka sisi watoto tuliokuwa mbele tukashika pua. Akainama akatoa vipande vya chungu, na ndani yake, katika ngozi iliyooza, pete za chuma, nene, nyekundu kwa kutu, kila moja imekatwa mahali pamoja.

Watu wakaguna. Si rupia. Lakini mtu wa kofia alizipokea, akazigeuza, akazisugua kwa mate, na macho yake yakabadilika.

"Hizi ni mali," akasema. "Wazungu wa makumbusho wanazitafuta sana. Nusu yangu nitaichukua leo."

Makori alimnyang'anya.

"Nusu gani? Unaona huu uzi wa shaba uliosokotwa hapa? Hii ni kazi ya mhunzi wa nyumba yetu. Babu yangu alimleta kutoka mbali, na hakumsokotea shaba mtu mwingine yeyote."

"Maneno tu," akasema mtu wa kofia. "Shaba ni shaba."

"Wazee wapo. Mzee Ombongi, mwambie."

Mzee Ombongi alikuwa ameacha kucheka. Alijivuta na kigoda chake mpaka karibu na shimo.

"Nimwambie nini? Wewe unasema vizuri. Ila wale wa nyuma hawakusikia. Sema tena, mwanangu."

Na Makori, Mungu ni wa ajabu, akasema tena. Alipanda juu ya rundo la udongo na kuzinyanyua juu ili wote waone. Akasema kwamba mhunzi yule alisokota shaba kwa wake wa baba yake tu, maana baba yake hakuwa na ndugu wa kiume. Akasema kwamba mwanamke aliyevaa pete hizi aliingia nyumba yao kwa *enyangi* kamili, kwa ng'ombe na kwa mashahidi, na anayebisha ajitokeze.

Hakuna aliyejitokeza.

"Basi ni za marehemu mama yako," akasema Mzee Ombongi taratibu.

"Za mama yangu ziko nyumbani, zimetundikwa darini. Hizi ni..."

Mkono wake ulibaki juu. Nimewahi kuona fahali akikanyaga tope bila kujua kina chake, na jinsi anavyosimama miguu ya mbele ikishuka, asirudi wala asiendelee. Alikuwa na uso ule.

"Hizi ni za nani, Makori?" Mzee akauliza. "Baba yako alikuwa na wake wawili. Za mmoja ziko darini kwako. Mimi ni mzee, hesabu zinanishinda. Nisaidie."

Mimi nilikuwa nimeziona pete zile vizuri na sikuwa na shaka. Upana wake niliujua kwa vidole vyangu, kwa kila Ijumaa niliyosugua. Hivyo ndivyo vyuma vya jela, na sasa vimetoka mbele ya watu wote, na mzee anauliza mfungwa ni nani. Nikaona ni afadhali aibu hiyo isemwe na mtu anayempenda.

"Ni za Magokoro," nikasema. "Lakini hakuiba. Na kama aliiba, ni kuku tu."

Kicheko kilichotokea kilisikika mpaka barabarani. Wanawake walishikana mabega. Mzee Ombongi alitokwa na machozi, akayafuta kwa kofia yake. Bosibori ndiye aliyenivuta pembeni na kunieleza, huku akicheka na kulia, kwamba bibi yangu hajawahi kuona mlango wa jela, na kwamba chuma kile ni cha harusi. Nilimsikiliza, na nikiri kwamba kidogo nilisikitika. Nilikuwa nimezoea kuwa mjukuu wa mtu aliyefungwa kama mitume.

Magokoro aliitwa. Alikuja na kikapu cha chai mgongoni, nusu kimejaa, na hakuharakisha. Akatazama shimo, akamtazama Makori.

"Sikuzichimbua mimi," akasema.

"Tunajua," akajibu Mzee Ombongi. "Aliyezichimbua ni mwanao. Toa mguu, binti wa watu."

Akautoa. Hakuzigusa pete, na alikataa zivishwe tena. Zilipangwa tu chini, kando ya mguu wake, na kila pete ilikuwa na mkanda wake mweusi. Hakuna aliyetaja punda.

Mtu wa kofia alikuwa ameshafungasha mashine yake. Waliomwona walisema alishuka upande wa barabara akiwa amebeba mguu wa mbuzi, na huyo ndiye peke yake aliyefaidi mali ya Wajerumani.

Wazee walisema hakuna haja tena ya baraza, maana mlalamikaji ameshuhudia kwa sauti na mara mbili. Walimwamuru Makori azirudishe pete mahali alipozitoa, na afukie mashimo yake yote, na akafukia mpaka jioni, bila koti, watu wakimwonyesha alipoacha kishimo. Mimi nimemsamehe Baba mkubwa Makori, kama nilivyoamriwa. Kumheshimu sikuamriwa, na namshukuru Mungu kwa kila aliloliamuru na kwa kila aliloliacha. Maana mtu yule aliishi miaka mingi baadaye akieleza kwamba yeye ndiye aliyemwokoa Magokoro, na kwamba bila mashine yake asingepata haki. Pana watu ambao hata aibu ikiwapata hawaijui jina.

Lakini wazee walitaka jambo moja zaidi, na walilitaka siku ileile. Makori akinawa udongo, Mzee Ombongi alimwambia:

"Mtoto hali chakula cha kimada wa baba yake. Hula cha mama yake. Nenda ukale kwake, sisi tukiona, na neno hili lisisikike tena."

Waliketi uani kwetu, kwenye vigoda na magogo. Magokoro alisonga ugali wa wimbi, mweusi na mgumu, akapika chinsaga, mboga chungu ya kwetu, jinsi inavyopikwa kwa maziwa mpaka uchungu wake unapungua bila kuisha. Mimi nilipeleka maji ya kunawa. Makori alinawa polepole sana. Akamega tonge, akalishika kwa muda, na wazee wote wakatazama tonge lile kama walivyotazama mashine. Akala. Akamega jingine. Magokoro alisimama mlangoni mwa nyumba yake, mikono imefungwa ndani ya leso, akimwangalia mtu mzima yule akitafuna kwa kichwa kilichoinama.

"Chumvi imetosha?" akamuuliza.

Makori alimeza. Aliwatazama wazee, akaona hakuna aliyekuwa tayari kumsaidia.

"Imetosha, mama," akasema.

Alilisema kama mtu anayetema mfupa. Magokoro akaingia ndani kumwongezea mboga.